Slaidi ya mzizi wa kitunguu haionyeshi seli zinazogawanyika: dalili na chanzo chake

Kidato cha tano wanaanza masomo Julai, na saitolojia, yaani elimu ya seli, ndiyo mada ya kwanza. Kwa hiyo kila Julai maabara za Arusha na Moshi hujaa chupa za jemu zenye vitunguu vilivyochomekwa vijiti vya meno, mizizi ikining'inia majini. Wiki moja baadaye malalamiko ni yaleyale: "Mwalimu, mimi sioni kitu, zote ziko vilevile."

Wengi hukimbilia kulaumu hadubini, au rangi iliyokaa kabatini tangu enzi za mkuu wa shule aliyepita. Mimi nafanya kazi ya maabara, na naona mara nyingi kosa haliko huko. Seli haigawanyiki hovyo. Ina vituo vya ukaguzi, na kituo kimoja kikikataa, hata ukiletewa hadubini mpya utaona viini vya duara tu. Ndiyo maana hapa naanza na kile unachokiona kwenye kioo, kisha nauliza seli imekwama hatua gani na nini kimeikwamisha.

Slaidi isiyo na kasoro inafananaje

Kwenye joto la nyuzi 20 na ushee, mzunguko mmoja wa seli katika ncha ya mzizi wa kitunguu huchukua takriban saa 17. Zaidi ya nusu ya muda huo ni hatua ya S, seli ikirudufisha DNA yake. G1 (kabla ya S) na G2 (baada ya S) hugawana sehemu kubwa ya muda uliobaki. Mgawanyiko wenyewe, tangu hatua yake ya kwanza, profezi, hadi ya mwisho, telofezi, ni kama saa 2. Piga hesabu: kati ya seli 100 utapata 10 hivi zinazogawanyika, na nyingi kati ya hizo zitakuwa profezi. Metafezi (kromosomu, yaani vifurushi vya DNA, zimejipanga katikati) na anafezi (zinavutwa pande mbili) ni za kutafuta. Mwanafunzi aliyezoea mchoro wa kitabuni, ambako kila hatua imepewa nafasi sawa, anaweza kushika slaidi nzuri kabisa akadhani mbovu.

Kinachoisogeza seli kutoka hatua hadi hatua ni vimeng'enya vinavyoitwa kainesi tegemezi kwa saiklini, kwa kifupi CDK. CDK ikiwa peke yake haifanyi kazi. Ni lazima ishikane na protini ya saiklini, ambayo hutengenezwa taratibu, hujaa, kisha huvunjwa ghafla. Tim Hunt aliliona hilo mwaka 1982 kwenye mayai ya yule mnyama wa baharini mwenye miiba inayochoma miguu ya waogaji. Leland Hartwell alifanya kazi yake kwenye hamira ya mkate. Paul Nurse alitumia chachu nyingine, Schizosaccharomyces pombe, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1893 baada ya kupatikana kwenye pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2001. Seli ya kitunguu, ya chachu na ya kwako wewe zinatumia mtambo mmoja, tofauti ni ndogo ndogo.

Dalili: mizizi haioti kabisa

Hili ni la haraka. Kitunguu kilichovunwa juzi bado kimelala. Nenda soko la Kilombero, au Mbuyuni kama uko Moshi, umwombe mama muuzaji vile alivyovitenga kwa sababu vimeanza kuchipua. Atakupunguzia na bei. Vitunguu vya Mang'ola vilivyokauka vizuri na kukaa stoo huota mizizi ndani ya siku chache. Viangalie kwa jicho la mashaka vitunguu vya kuagizwa kutoka nje vinavyokaa miezi bila kuchipua, kwa sababu kuna wakulima wanaopulizia maleiki haidrazidi shambani kabla ya kuvuna. Dawa hiyo huzuia chipukizi kwa kuzuia seli zisigawanyike, yaani inaua kilekile unachotaka kukiona.

Kwangua mizizi mikavu ya kitako kwa kisu, maji yaguse kitako tu, uyabadilishe kila siku. Ukikwama kabisa tumia kitunguu saumu. Nacho kina kromosomu 16, na ni kubwa vilevile.

Dalili: mizizi mizuri, lakini seli zote ziko intafezi (hazigawanyiki)

Hapa ndipo kazi ilipo.

Anza na sehemu uliyokata. Seli zinazogawanyika ziko ndani ya milimita 2 hivi za mwisho, nyuma kidogo ya kofia ya mzizi. Juu ya hapo seli zimeacha kugawanyika, zinarefuka tu. Ukiona seli ndefu kama matofali yaliyolazwa, viini vidogo vimesukumwa pembeni, umeponda sehemu isiyo yake. Seli unazozitaka ni za mraba, kiini kimeijaza karibu seli nzima. Kuna njia rahisi: paka rangi mzizi ukiwa mzima. Ncha itakoza wekundu, kwa kuwa viini vimebanana, na sehemu ya juu itabaki na weupe. Kata pale rangi inapobadilika, tupa sehemu ya juu.

Kama ulikata sawasawa, fikiria njaa na hewa. Mwaka 1966 Van't Hof alionyesha kwamba mizizi ya njegere ikinyimwa sukari, seli zake hazisimami ovyo ovyo: husimama G1, nyingine G2. Hazisimami katikati ya S wala katikati ya mgawanyiko. Sababu yake tunaifahamu vizuri zaidi siku hizi. Ili seli itoke G1 inahitaji saiklini za kundi la D, na hizo hutegemea sukari na homoni kama sitokinini. Saiklini D ikishikana na CDK yake, huibandika fosfeti protini inayoitwa RBR, ambayo muda wote huo ilikuwa imeishikilia protini nyingine, E2F, isifanye kazi. E2F ikiachiliwa, inawasha jeni za kurudufisha DNA. Hakuna sukari, hakuna saiklini D. RBR haiiachii E2F, na seli inabaki G1 hata wiki.

Mizizi iliyokaa kwenye maji yasiyobadilishwa hukosa oksijeni, na bila oksijeni sukari iliyopo haiwi nguvu ya kutosha. Nusa chupa. Maji yakiwa na harufu, au ncha zimeanza ukahawia, jibu unalo.

Sasa, tiba yake ina mtego ambao walimu wengi hawauhesabu. Ukibadilisha maji saa 2 asubuhi, ukakata mizizi saa 4 kwa ajili ya kipindi, hujasaidia kitu. Seli iliyokuwa imesimama G1 ikiamka saa 2 asubuhi, ni lazima ipite S yote na G2 yote kabla hujaiona profezi. Hiyo ni zaidi ya saa 12. Badilisha maji leo asubuhi, kata kesho. Zilizokuwa zimesimama G2 zitatangulia, lakini usitegemee hizo kujaza slaidi ya darasa zima.

Baridi je? Usiku wa Julai Arusha huweza kushuka hadi karibu nyuzi 12, na madirisha ya maabara zetu tunayajua. Kwenye nyuzi 10 mzunguko wa seli ya kitunguu huweza kuzidi siku mbili. Lakini hapa watu hulaumu baridi kuliko inavyostahili. Baridi ya kudumu hupunguza kasi ya hatua zote karibu kwa uwiano mmoja, S inarefuka na mgawanyiko nao unarefuka, kwa hiyo sehemu ya seli zilizo kwenye mgawanyiko haishuki sana. Kinachopungua ni mizizi mipya na urefu wake. Kwa hiyo ukiwa na mizizi mifupi yenye mgawanyiko wa kawaida, mshtakiwa ni baridi: weka chupa kwenye katoni yenye balbu, au jikoni kwa mpishi wa shule ukielewana naye. Ukiwa na mizizi mirefu isiyo na mgawanyiko wowote, achana na baridi, rudi kwenye maji.

Kuna imani ya saa 4 asubuhi, kwamba mizizi ikatwe hapo na si vinginevyo. Sioni sababu ya kuishikilia. Seli za ncha haziendi pamoja. Kila moja iko kwenye hatua yake. Kama chumba chako kinapoa sana usiku na kupata joto mchana, huenda ukapata saa zenye mgawanyiko mwingi, lakini saa hizo ni za chumba chako. Kata kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo jioni, ulinganishe mwenyewe.

La mwisho kwenye dalili hii: mzizi uliokatwa ukaachwa kwenye maji "mpaka kipindi kianze". Seli zilizojeruhiwa haziingii tena kwenye mgawanyiko, lakini zilizokuwa ndani yake humaliza safari. Ukisubiri, umejitengenezea intafezi kwa mikono yako. Mara tu baada ya kukata, tumbukiza kwenye mchanganyiko wa ethanoli sehemu 3 na asidi asetiki sehemu 1, ilale humo usiku kucha.

Na jambo moja la kuwatoa vijana wasiwasi: kwa rangi ya asetokamini na hadubini ya shule huwezi kutofautisha G1, S na G2. Kiini cha G2 kina DNA mara mbili ya kile cha G1, lakini jicho halipimi hilo kwa uhakika. Mwanafunzi akikwambia "hii ni S, naiona", mpongeze kwa ujasiri, usimpe alama.

Dalili: rangi hafifu, seli zimepandiana

Hapa sasa ni ufundi tu. Mizizi haikulainika. Inatakiwa ikae dakika 5 hadi 10 kwenye asidi haidrokloriki ya molari 1 yenye nyuzi 60, ili gundi inayounganisha kuta za seli iachie. Shule isiyo na mtambo wa maji moto hutumia maji ya birika, na hapo kumbuka tuko wapi. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka karibu nyuzi 95. Ukichanganya nusu kwa nusu na maji ya bomba ya nyuzi 20, unapata 57 hivi, na beseni nalo linakula joto. Ongeza yanayochemka kidogo, thibitisha kwa kipimajoto, ndipo utumbukize kijaribio chenye asidi. Moshi mko chini yetu, kwenu nusu kwa nusu inakaribia zaidi.

Dalili: metafezi zimejaa, anafezi hakuna

Hii ni nadra, lakini ikitokea ina mafunzo mengi kuliko slaidi nzuri. Kromosomu zimenenepa, zimefupika, zimetawanyika ndani ya seli bila mstari wa katikati. Maana yake seli imepita S, imepita G2, imeingia kwenye mgawanyiko, kisha imesimamishwa kwenye ukaguzi wa spindeli, yaani mtandao wa nyuzi ziitwazo mikrotubuli unaovuta kromosomu.

Ukaguzi huu ni mkali. Kila kromosomu ina nyuzi mbili dada zilizofungwa pamoja na protini ya kohesini. Kila uzi una kinetokori, mahali ambapo mikrotubuli hushika ili kuvuta. Kinetokori ambayo bado haijashikwa hutoa ishara: protini ya Mad2 na wenzake humkamata Cdc20, protini nyingine, na bila Cdc20 mtambo wa APC/C hauwezi kuagiza protini za saiklini B na sekurini zivunjwe. Sekurini ikiwepo, kimeng'enya cha separesi hakikati kohesini. Kinetokori moja isiyoshikwa inatosha kuzuia seli nzima.

Kwa hiyo uliza: ni nini kimevunja mikrotubuli? Kinachofahamika zaidi ni kolchisini. Albert Levan aliichunguza kwenye mizizi ya kitunguu mwaka 1938, na seli zilizochoka kusubiri zilitoka zikiwa na kromosomu mara mbili, 32 badala ya 16. Levan huyohuyo, akiwa na Joe Hin Tjio, ndiye aliyekuja kuonyesha kwamba binadamu ana kromosomu 46 na si 48 kama ilivyofundishwa; walichapisha mwaka 1956.

Shuleni kwako huenda hakuna kolchisini, ila friji ipo. Karibu na nyuzi 0 mikrotubuli huachana zenyewe. Wataalamu wa ngano huweka mizizi kwenye maji ya barafu saa 24 makusudi, ili wapate metafezi nyingi za kuhesabu. Kama kuna mtu alihifadhi chupa zako kwenye friji ya maabara usiku, amekufanyia jaribio la ziada bila kukuambia.

Vijana wa Moshi, hasa wenye ndugu waliotibiwa saratani, huuliza kama dawa hufanya kazi hivi. Baadhi ndiyo. Vinkristini, inayotumika kwa saratani ya damu ya watoto, hutokana na lile ua la vinka lililopandwa kwenye nyua nyingi hapa kwetu, nayo huzuia mikrotubuli isijengeke. Usiruhusu mtu yeyote achemshe vinka darasani. Na lile ua la porini lenye petali nyekundu na njano zilizopinda kwenda juu, Gloriosa superba, kiazi chake kina kolchisini ya kuua mtu. Hilo lisiguswe kabisa.

Dalili: madaraja, vipande, viini vidogo pembeni

Unaona anafezi yenye uzi uliotanuka kati ya kambi mbili, au kipande kimebaki katikati, au seli yenye kiini kikubwa na kingine kidogo kando. Kwanza sogeza fokasi juu na chini: punje za rangi iliyoganda hukaa juu ya seli, kromosomu zimo ndani. Chuja rangi, rudia.

Kama bado zipo, DNA imevunjika. Daraja hutokea kromosomu zilizovunjika zinapoungana vibaya, moja ikabaki na sentromea (mahali kinetokori zinapokaa) mbili zinazovutwa pande tofauti. Kwa kawaida seli haitakiwi kufika hapo. Protini za ATM na ATR hugundua mvunjiko au urudufishaji uliokwama, na CDK huzuiwa mpaka DNA itengenezwe. Kwa binadamu amri nyingi hupitia protini ya p53; mimea haina p53, kazi hiyo inafanywa na protini ya SOG1. Mwaka 1988 Ted Weinert na Hartwell walionyesha kwamba hamira isiyo na jeni ya RAD9 haisubiri: ikipigwa mionzi huendelea kugawanyika na DNA iliyovunjika, na kufa.

Kwa Arusha, mtuhumiwa wa kwanza wa kila mtu ni floraidi. Ni kweli chemchemi nyingi kuzunguka Mlima Meru huzidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, kwa sababu ya miamba ya volkano. Lakini kutoka hapo hadi kusema floraidi ndiyo iliyovunja kromosomu zako ni mruko. Weka chupa tatu kutoka tenga moja la vitunguu: maji ya bomba lako, maji ya mvua, na nusu kwa nusu. Madaraja yakipungua kadiri unavyozimua, maji ya bomba yana neno, ingawa bado hujui ni floraidi, klorini au kitu kingine. Yakiwa sawa kote, shuku kitunguu au asidi yako. Zingatia pia kwamba sumu ikiwa kali mno huoni madaraja kabisa, kwa kuwa ukaguzi umezuia seli zisiingie kwenye mgawanyiko. Slaidi safi isiyo na mgawanyiko wowote haithibitishi kwamba maji ni salama.

Dalili ya kwenye daftari: "DNA hurudufishwa tena seli ikikaa sana"

Hii haiko kwenye kioo, ila huja kila mwaka kwenye majibu. Mwanafunzi anaona S ni ndefu, anadhani seli ikichelewa G2 itaendelea kurudufisha. Haiwezi, na jaribio zuri la kumwonyesha ni la Potu Rao na Robert Johnson la mwaka 1970. Waliunganisha seli mbili za binadamu ziwe moja. Seli ya S ikiungana na ya G1, kiini cha G1 huanza kurudufisha mapema. Ya S ikiungana na ya G2, kiini cha G2 hakianzi tena, ingawa kimezungukwa na kila kitu kinachohitajika.

Siri iko kwenye kibali. Wakati wa G1, CDK ikiwa chini, protini za ORC, Cdc6 na Cdt1 hupakia MCM, protini za kufungua DNA, kwenye kila mwanzo wa kurudufisha. CDK ikipanda, MCM zinaanza kufungua DNA, na CDK hiyohiyo inazuia MCM mpya zisipakiwe. Nawaambia vijana wafikirie mechi uwanja wa Sheikh Amri Abeid ambako dirisha la tiketi hufungwa mara filimbi ikipulizwa: tiketi yako inachanwa mlangoni, na mpya haiuzwi mpaka mechi ijayo. Dirisha hufunguliwa tena saiklini zikivunjwa mwishoni mwa mgawanyiko.

Akikuuliza kwa nini viwe vianzo vingi, mpe hesabu. Kromosomu namba 1 ya binadamu ina jozi za besi kama milioni 249. Ukianza sehemu moja tu, ukaenda pande mbili kwa kasi ya jozi 2,000 kwa dakika kila upande, utahitaji zaidi ya siku 40. Seli ya binadamu humaliza kwa saa 8 hivi. DNA ya kitunguu ni kama mara tano ya ya kwetu.

Dalili: kitunguu kimoja, makundi mawili, majibu tofauti

Kundi la Neema limepata seli 12 katika 100, la Baraka limepata 3, na wamekaribia kugombana. Kabla hujatafuta sababu ya kibayolojia, uliza wamehesabu mizizi mingapi. Mzizi mmoja na mwingine wa kitunguu hichohicho hutofautiana, na hata ndani ya ncha moja, upande mmoja wa slaidi unaweza kuwa na mgawanyiko mwingi kuliko mwingine. Mtu akishaona metafezi nzuri, macho hubaki palepale. Wahesabu kila seli inayopita kwenye uwanja wa hadubini wakisogeza slaidi kwa mstari, bila kuchagua, angalau seli 500 kutoka mizizi mitatu au zaidi, na kila kundi lihesabu slaidi ya mwenzake. Tofauti ikibaki hata hapo, ndipo mkalinganishe chupa: nani alibadilisha maji, na ilikuwa saa ngapi.